Somo wa Binti Yangu

Wenye kucheka wacheke sasa wamalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Kisa hiki nimekisimulia misibani, nimekisimulia kazini, na kila mara hakosekani mtu wa kuniuliza kama siku ile nilikuwa nimelewa. Pombe sijawahi kuionja maishani. Mke wangu shahidi, naye alikuwemo ndani ya gari, ana alama mkononi hadi leo. Asiyeniamini mimi aende akamuulize yeye.

Ilikuwa miaka ya tisini, Brussels, Ubelgiji. Mimi mtu wa Kigoma, mke wangu Neema ni Mkongo wa Bukavu, na tulikuwa tunaishi Saint-Gilles, ghorofa ya tatu, kwenye nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba karibu na stesheni ya Midi. Neema alikuwa mjamzito. Mimba mbili za kabla zilikuwa zimeharibika, na hii tulikuwa tunaibeba kama yai. Nataka ulishike hilo, kwa sababu ndilo lililonifungua mdomo siku ile.

Jumapili moja ya Januari tulitoka kanisani tukaenda Etterbeek kwa shangazi yake, Maman Béa, ambaye pale mjini ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo wao. Tukala fufu na sombe, yaani kisamvu, mpaka tukashindwa kuinuka. Theluji ilianza tukiwa mezani, na kufika saa kumi jioni magari yaliyoegeshwa barabarani yalikuwa vichuguu tu. Maman Béa akavuta pazia, akaangalia nje, akatikisa kichwa.

"Mukwe, mulale hapa. Hii neige ya leo haicheke na muntu. Neema na ile tumbo yake, hapana."

"Mama, mimi nimeendesha malori Kigoma hadi Kasulu wakati wa masika, tope magotini. Theluji kitu gani?"

"Bon. Wewe unajua."

Mama wa Kikongo akikwambia wewe unajua, ujue hujui lolote. Lakini nani angenishika siku ile? Nikawasha gari.

Aisee! Tope lina adabu kidogo, unalisikia chini ya tairi. Theluji husikii kitu. Unakata usukani kushoto, gari linaendelea na safari zake. Halafu wenzetu kule baridi ikikaribia wanabadilisha tairi, wanaweka za theluji; mimi zangu zilikuwa zile zile mwaka mzima, tena vipara. Waipa zikawa zinasukuma theluji upande mmoja, inarudi upande wa pili. Nikashuka pole pole kuelekea kwenye maziwa ya Ixelles, yale mabwawa mawili makubwa katikati ya mji, nimeng'ang'ania usukani na Neema ananitukana kwa Kishi, lugha ya kwao Bukavu.

Tulipofika pale chini akaacha matusi. Kisha akasema taratibu, "Chéri, maji imetoka."

Nikafikiri anasema radieta. Naapa, niliangalia dashibodi! Mpaka aliponishika mkono na kuubana ndipo nikaelewa. Siku zake zilikuwa bado. Hospitali iko juu ya kilima, mbele yetu mteremko wa kupanda, nikakanyaga mafuta, tairi zikazunguka mahali pamoja zikipiga kelele. Nikarudi nyuma, nikajaribu tena. Gari likajilaza pembeni mwa barabara, likakataa.

Simu za mkononi wakati ule walikuwa nazo wachache. Nikashuka nikaenda kugonga kwenye nyumba za pale. Mapazia yalitikisika, niliyaona kwa macho yangu, lakini hakuna aliyefungua. Nikagonga mlango mwingine na mwingine, napiga kelele kwa Kifaransa changu kibovu kwamba mke wangu anajifungua. Kimya. Niliporudi garini Neema alikuwa analia, si kilio cha uchungu, ni kile kilio alichokilia mara mbili za kwanza. Nikasema basi, hata huyu tunampoteza, na safari hii nimemuua mimi.

Ndipo nikamwona mwanamke anakuja kutoka upande wa maji. Amejifunga kitenge, kitambaa kichwani, kandambili miguuni, na koti hana. Sasa wewe utaniuliza, hukushtuka? Sikushtuka! Niliona kitenge, nikaona mtu wa nyumbani, nikafurahi mpaka machozi yakanitoka. Nikamfungulia mlango wa nyuma mimi mwenyewe.

"Karibu, mama, ingia! Baridi itakuua!"

Akainama, akamtazama Neema. "Mutoto ya nani iko nalia hivi?" akasema. Akaingia, akapitisha mkono katikati ya viti, akamshika Neema kwenye kifundo cha mkono. "Usisukume, maman. Bado. Pumua tu. Na wewe, papa, tia gia ya pili, achia klachi pole pole, usikanyage mafuta."

Gia ya pili, kwenye mlima? Nilitia. Na gari likatoka, likapanda kile kilima kama liko kwenye lami kavu. Niamini, hata halikuserereka. Kila tulipofika njia panda alisema tu, "Pita ku gauche," yaani kushoto, au "Enda moja kwa moja," na barabara aliyonipitisha haikuwa na gari hata moja, haikuwa na alama ya tairi, wala mtu. Ni ile theluji inaanguka na sauti yake akimwambia Neema apumue.

Hita ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho. Mimi jasho linanitiririka, vioo vimejaa mvuke wa pumzi zetu. Nikageuka mara moja kumwangalia mke wangu, nikamwona na yule mama. Theluji ilikuwa bado imemkalia mabegani. Ilikuwa kwenye kope zake. Ilikuwa kwenye ule mkono uliomshika Neema, nyeupe, kavu, haiyeyuki. Nikajiambia ni macho tu, ni hofu, nikarudisha uso barabarani.

Sasa sikiliza kosa langu. Kwetu mtu akikusaidia wakati wa uzazi, humshukuru kwa maneno matupu. Unampa jina. Mtoto anaitwa kwa jina lake, na tangu siku hiyo yeye ni somo wa mtoto, Wakongo wanasema ndoyi. Anakuja kumwona, anamletea zawadi, ni kama mzazi wa pili. Hiyo ndiyo heshima kubwa tuliyo nayo, na mimi niliitoa bila kufikiri, kama unavyomkaribisha mtu chai.

"Mama," nikasema, "tukifika salama, akiwa msichana ataitwa jina lako."

Akasogeza uso mbele, karibu na bega langu.  Hata Neema aliacha kugumia.

"Unasema kweli, papa?"

"Kweli kabisa."

"Sema tena."

Nikasema tena.

"Mie niko Nabintu," akasema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa furaha, haki ya Mungu ilikuwa furaha. "Na nitakuya kumuona?"

Ningejibu nini? Somo anahitaji ruhusa? "Mlango uko wazi, mama. Wakati wowote."

Taa za hospitali zikatokea. Wauguzi wakaja na kitanda cha magurudumu, wakamchukua Neema mbio. Nilipogeuka kumshukuru yule mama, kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Kitupu nasema, ila theluji. Theluji ilikuwa imerundikana pale alipokaa, na hita bado inavuma. Nikaangalia chini nje ya mlango wa nyuma: hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Mtoto alizaliwa hai, msichana. Nililia mbele ya madaktari bila aibu. Neema alikuwa mzima, ila kifundo cha mkono kilikuwa na alama nyeupe za vidole, ngozi imeungua kwa baridi. Muuguzi alimuuliza ameshika nini, na Neema akanitazama mimi. Tukajua kwamba wote wawili tuliona.

Kesho yake Maman Béa alikuja na uji kwenye chupa. Nikamweleza yote, nikamtajia jina. Akakaa kwenye kiti cha wageni, chupa ya uji mapajani, hakuifungua.

"Nabintu ya kwa maziwa ya Ixelles," akasema. "Alikuya huku yeye peke yake, mutoto ya Bukavu. Tulikuwa tunasali naye. Bon, hiver moja, wakati ya baridi, walimutoa mu maji. Kanisa ndiyo ilimuzika. Tulitafuta ukoo yake, hatukupata. Hakuacha mutoto, hakuacha ndugu. Jina yake ilikufa naye."

"Sasa tufanye nini, mama?"

"Musimupe. Kuita mutoto jina ya marehemu yenu, iko sawa. Lakini huyu, nani anajua alikufa na roho gani? Muite Esta."

Tukamwita Esta. Na tangu tulipomwita Esta, mtoto akaanza kupoa. Kwanza miguu, halafu mikono, halafu ukimgusa tumbo unasikia ubaridi. Hakulia. Alikuwa anaangalia tu dirishani. Madaktari wakampima kila kitu, wakasema vipimo vyote ni safi, hawaelewi. Wakamlaza ndani ya kisanduku cha joto, na ndani ya kile kisanduku akazidi kuwa wa baridi. Jioni muuguzi akaniambia kwa upole nimwite kasisi kama ninaye.

Wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka. Mke wangu amelala upande wa pili wa ukuta, amesikia yote. Nikaingiza mkono kwenye lile tundu la kisanduku, nikamshika kidole, nikasema, "Nabintu." Akageuza macho kutoka dirishani, akanitazama. Nikasema tena, "Nabintu, mwanangu." Akalia! Kilio kikubwa hicho, uso mwekundu, na kidole kikapata moto mkononi mwangu. Kesho yake asubuhi nikaenda komini, ndiyo ofisi ya mtaa, nikamwandikisha hivyo, na Maman Béa hakunisemesha mwaka mzima.

Basi, akawa anakuja. Nilimwambia mlango uko wazi, si ndiyo? Kila mwaka siku theluji ya kwanza inapoanguka tulisikia hodi, sauti ya mwanamke, taratibu, kwa lafudhi ya Bukavu. Ukifungua, ngazi tupu. Kwenye kizingiti pana theluji kidogo, ndani ya nyumba, ghorofa ya tatu, na inakaa hapo hadi kesho yake haijayeyuka. Chumbani mtoto anacheka na mtu. Ukimbusu baadaye, shavu moja ni la baridi. Nilijaribu mwaka mmoja kutofungua. Homa iliyompata mtoto usiku ule sitaki hata kuizungumzia.

Lakini sitamsingizia: hakumdhuru. Ukiacha homa ile, mwanangu hakuugua, hakuvaa koti, alicheza kwenye barafu mikono mitupu na mwalimu akatuita kutugombeza. Tukaanza kuzoea. Neema hata akawa anaacha chai mezani theluji ikianza. Hivyo ndivyo mtu anavyozoea.

Alipokuwa na miaka kama saba, nilimkuta asubuhi moja amesimama mlangoni, amevaa viatu mwenyewe, kamba amezifunga. Nje kunaanguka nyeupe.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa somo," akasema. "Anasema kila mwaka yeye ndiye anakuja. Anasema mimi sijawahi kumtembelea."

 Nikafunga mlango kwa ufunguo, nikakaa sakafuni nimeegemea mlango, naye akaniangalia kwa huruma tu, hakubishana. Kabla ya baridi nyingine tulikuwa tumeshauza kila kitu, tumerudi Kigoma. Watu walituuliza tumeachaje Ulaya. Tulisema kazi zimekuwa ngumu.

Kigoma hakuna theluji. Miaka yote hiyo hatukusikia hodi, mtoto akakua, mrefu, mcheshi, akasoma. Nikasema yamekwisha. Sasa mwaka huu amepata nafasi ya kwenda kusoma zaidi, na kati ya miji yote ya dunia ameichagua Brussels. Nimemkataza, nimemfokea, nimempigia magoti mimi baba yake. Mama yake hali chakula. Yeye ananishika mkono na kuniambia, "Baba, mtu amekuja kwangu miaka yote ile. Si uungwana nisiende hata mara moja." Na huo uungwana nani alimfundisha, kama si sisi?

Anasafiri Januari. Koti zito nililomnunulia amelirudisha kabatini.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, mtu usiyemjua kwao akikusaidia, mpe chakula, mpe nguo, mpe hata gari lenyewe. Jina la mtoto wako usimpe, na usimwambie mlango uko wazi. Na kama unaishi Brussels, ukamwona binti mrefu anatembea kwenye theluji bila koti, nakuomba, mkimbilie, mshike mkono. Usimwite Nabintu. Mwite Esta, umwite kwa nguvu, labda atageuka.