Dakika Mbili za Kuzungumza

Shemeji yangu ni mkunga. Aliolewa na kaka yangu wakaishi miaka kumi na tisa, na kaka alipofariki sikuona sababu ya kuacha kumwita shemeji, wala yeye hakuona. Tunafanya kazi hospitali moja. Yeye yuko ghorofa ya pili, wodi ya wazazi. Mimi niko chini, masjala, chumba cha mafaili ya wagonjwa chenye dirisha moja na feni isiyozunguka.

Katika wodi yake zamu haikabidhiwi kwa daftari peke yake. Anayetoka husema na anayeingia hurudia neno kwa neno. Kitanda cha tatu, mimba ya pili, njia imefunguka sentimita sita, mapigo ya mtoto mia moja na arobaini. Anayerudia akikosea tarakimu moja wanaanza upya. Akimaliza bila kosa husema, "Nimepokea," na tangu hapo mgonjwa ni wake. Yule wa kwanza anaweza kwenda zake. Shemeji ndiye aliyeuleta utaratibu huo wodini miaka mingi iliyopita, na wauguzi vijana walimlalamikia sana kabla ya kuuzoea.

Mwaka jana hospitali moja ya nje ya nchi ilitangaza nafasi za wakunga. Ipo katika mji uleule anaoishi binti yake wa pekee na mumewe, na binti alikuwa na mimba ya kwanza. Masharti yalikuwa mawili: umri uwe chini ya miaka arobaini na mitano, na mtihani wa Kiingereza, alama saba katika kila sehemu ya zile nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Shemeji alikuwa amebakiza miezi minne atimize arobaini na mitano. Mtihani ulikuwa umebaki mmoja tu kabla ya siku hiyo.

"Nimepokea watoto wa watu mpaka nimesahau hesabu," aliniambia. "Sasa wa kwangu apokewe na nani? Na mtu asiyemjua hata bibi yake?"

Hakuwa peke yake katika safari hiyo. Alikuwa na rafiki yake, muuguzi wa wodi hiyohiyo, ambaye kila mtu hapa humwita Pacha. Waliingia chuo cha uuguzi siku moja, wakapewa kitanda cha juu na cha chini, na wakaitana pacha mpaka jina likaenea kwa wengine, likamshika yeye peke yake. Binti wa shemeji humwita Mama Mdogo. Nafasi zilikuwa nyingi. Hakuna aliyekuwa akimzibia mwenzake njia.

Walikuja kujifunzia masjala wakati wa chakula cha mchana, kwa sababu ni chumba pekee kisicho na kelele. Mimi nilipewa kazi ya kuwa mtahini. Nilishika saa na kuchomoa karata walizozikata kutoka kwenye maboksi ya dawa, kila moja ikiwa na swali. Katika mtihani wa kuzungumza mtu hupewa karata, hupewa dakika moja ya kujipanga, kisha huzungumza dakika mbili bila kusaidiwa.

"Mtahini, usinitolee macho hivyo," Pacha alikuwa akisema. "Unanikumbusha mwalimu wetu wa hesabu."

"Sekunde kumi zimepita," nilimjibu.

"Na usitabasamu. Watahini hawatabasamu."

Tatizo la Pacha halikuwa Kiingereza. Matamshi yake yalikuwa mazuri kuliko ya shemeji. Tatizo lilikuwa kwamba dakika mbili zilimshinda. Akipewa karata ya safari aliyoifurahia, alisema alikwenda, akafika, akarudi. Sekunde thelathini na tano.

"Mimi maisha yangu yamenyooka kama rula," alisema. "Sijafiwa, sijapotea, sijang'atwa hata na mbwa. Nitasimulia nini?"

"Siku uliyochekwa na watu je?" shemeji alimuuliza.

"Kila siku nachekwa na wewe."

Shemeji yeye alikuwa na mengi, ila maneno yalimkwama. Ndipo akapendekeza watumie njia ya wodini. Mmoja asimulie habari yake, mwenzake airudie neno kwa neno kwa Kiingereza, na penye kosa warekebishane, waanze upya. Ilifanya kazi. Baada ya wiki tatu shemeji alikuwa akizungumza dakika mbili na kupitiliza.

Siku moja nilichomoa karata iliyosema, eleza kosa ulilowahi kulifanya kazini. Shemeji aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akasimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia, na nina hakika hata kaka hakuwahi kulisikia.

Alikuwa mwanafunzi, mwezi wa tatu wodini. Wavulana wawili walizaliwa wakipishana robo saa, na yeye akawafunga tepe za majina mikononi. Asubuhi yake, akiwaogesha, aliona kitone cheusi kwenye sikio la mtoto. Alikuwa amekiandika mwenyewe katika daftari, lakini kwa jina la mtoto mwingine. Tepe zilikuwa zimebadilishana. Wale mama walikuwa wamekwisha kunyonyesha mara kadhaa, kila mmoja mtoto wa mwenzake. Hakuna aliyemwona, na angeweza kubadilisha tepe akanyamaza. Akaenda kwa muuguzi mkuu akasema, kisha akasimama mbele ya wale mama wawili akasema tena. Mmoja alimpiga kofi. Wa pili alimshika mkono, wakalia wote wawili.

Aliposimulia mara ya kwanza sauti ilikatika kwenye kofi. Sikuitazama saa.

"Pacha wangu," rafiki yake alisema, "miaka yote hii umeificha hiyo?"

"Nani angependa kuisema?"

"Mtahini ataipenda. Haya, nikabidhi."

Akamkabidhi. Pacha akairudia, akasahihishwa, akairudia tena, mpaka shemeji akasema sawa. Wiki zilizofuata niliisikia habari hiyo si chini ya mara ishirini, mara kwa mdomo wa huyu, mara kwa mdomo wa yule.

Kuna jambo lazima niliandike hapa kwa sababu bila hilo maandishi haya hayatakuwa ya kweli. Siku tisa kabla ya mtihani Pacha alikuja masjala peke yake, shemeji akiwa anazalisha. Aliniomba nimshikie saa. Nikachomoa karata ya mtu aliyewahi kukufundisha jambo. Akaanza, bila hata kutumia ile dakika ya kujipanga: nilipokuwa mwanafunzi, mwezi wangu wa tatu wodini, niliwafunga watoto wawili tepe za majina. Alikwenda mpaka mwisho, dakika mbili na sekunde nne.

"Hiyo si ya shemeji?" nilimuuliza.

"Ah, nanoa ulimi tu," alisema. "Au unaogopa nitaimaliza?"

Nilicheka. Nikarudi kwenye mafaili yangu na sikumwambia mtu.

Siku ya mtihani walikwenda pamoja, wamevaa viatu vyeusi vya kazini ili visiwaumize. Sehemu tatu za kwanza walifanya ukumbini na watu wengine. Sehemu ya kuzungumza ilikuwa chumba cha pembeni, mmoja mmoja, mtahini yuleyule, mama mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba. Pacha aliingia saa nne na dakika ishirini. Aliyemaliza alitoka kwa mlango wa nyuma, kwa hiyo hawakuonana tena. Shemeji aliingia saa nne na dakika arobaini.

Alipewa karata. Eleza kosa ulilolifanya kazini. Aliniambia kwamba moyo ulimruka kwa furaha, karata ya kwao kabisa. Akaanza kusimulia. Alipotaja tepe za majina, yule mama aliinua macho. Alipotaja kitone cha sikioni, mtahini aliacha kuandika. Alipofika kwenye kofi, aliweka kalamu mezani.

"Habari hii ni yako mwenyewe?" alimuuliza kwa Kiingereza.

"Ndiyo."

"Ilikutokea wewe?"

"Ilinitokea mimi."

Mtahini alishusha macho. Aliangalia karatasi iliyokuwa chini ya ile aliyokuwa akiiandikia, akaifunika kwa kiganja. Hapo ndipo shemeji alipofahamu, na akasema Kiingereza chote kilimtoka kama maji kwenye chujio. Maswali yaliyobaki aliyajibu ndiyo na hapana. Aliombwa aeleze, akasema hajui. Muda ukaisha.

Simu ya Pacha ilikuwa imezimwa siku nzima. Siku ya pili alituma ujumbe kwamba kichwa kinamuuma. Siku ya tatu shemeji alimkuta ngazini, akamleta masjala na kufunga mlango. Nilisimama nitoke.

"Kaa, shemeji," aliniambia. "Wewe ni mtahini." Kisha akamgeukia rafiki yake. "Ulisema nini mle ndani?"

"Pacha, nilipatwa na kitu. Akili ilisimama. Nilikodolea macho dari dakika nzima, mdomo ulipofunguka ikatoka ile."

"Na kofi?"

"Ilitoka yote."

"Karata yako iliuliza kosa?"

Pacha alijikuna shingo. "Iliuliza mtu aliyekufundisha jambo."

"Una mama. Una walimu. Una mimi. Ungesema hata mimi nilikufundisha kufunga kanga, ningefurahi."

"Kufunga kanga ni sekunde kumi!" Pacha alipaza sauti. "Wewe una vitu vya kusimulia, hujui kukosa kukoje. Na wewe ndiye ulinikabidhi. Mara ngapi? Nikarudia, ukasema sawa. Nikasema nimepokea. Sasa nimeiba wapi?"

Shemeji alikaa kwenye kiti changu. Niliona anataka kuamini ile habari ya akili kusimama. Alikuwa akiitafuta njia ya kuiamini. Nami sikuweza kuvumilia nikasema, "Haikutoka tu, shemeji. Aliifanyia mazoezi hapa, kwa karata ya aina ileile. Mimi nilishika saa."

Pacha alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. Lakini si yeye aliyenijibu.

"Lini?" shemeji aliuliza.

"Siku tisa kabla."

"Na wewe ulijua."

"Nilidhani ananoa ulimi."

"Siku tisa," alisema. "Ningekuwa nimetafuta nyingine. Siku tisa zinatosha kutafuta nyingine."

Hakupiga kelele. Alifungua mlango, akasubiri Pacha atoke, kisha akatoka yeye, akaelekea upande mwingine wa korido.

Matokeo yalifika baada ya wiki mbili. Shemeji alipata nane kusikiliza, saba na nusu kusoma, saba kuandika, na tano na nusu kuzungumza. Pacha alipata saba kila mahali. Shemeji aliandika barua ya kuomba sauti yake iliyorekodiwa isikilizwe upya, nami nikaichapa. Katika barua hiyo hakumtaja mtu. Nilimwambia asipomtaja hawatamwelewa. Akaniambia, "Nikimtaja, itaonekana tumekula njama wote wawili. Ni nani ataamini ya nani ilikuwa ya kwanza?" Jibu lilikuja fupi: majibu yake yalionekana kuwa yametayarishwa na kukaririwa, alama haibadiliki. Siku tano baadaye alitimiza miaka arobaini na mitano.

Binti alipiga simu siku ya Jumamosi, mchana. Shemeji alikuwa masjala akinisaidia kutafuta faili la mama aliyejifungua kwetu zamani. Hajaacha kunisaidia, ingawa siku hizi tunaongea ya kazi tu. Aliiweka simu kwenye rafu na kuacha sauti isikike, mikono yake ikiwa na vumbi.

"Mama, nimepanga chumba," binti alisema. "Pazia jipya na kila kitu. Ila nina swali. Mama Mdogo kanipigia."

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Kasema wewe mambo yako yamechelewa, yeye anatangulia, na mmekubaliana afikie kwangu, atakuwepo nikijifungua. Nikamwambia sawa, karibu. Lakini baadaye nikajiuliza mbona hukuniambia mwenyewe."

Shemeji aliendelea kupekua mafaili. Alipekua matatu, manne, akilisoma kila jina.

"Mama? Uko?"

"Nipo. Hatukukubaliana kitu. Na mimi mambo yangu hayajachelewa, yamekwisha. Sitakuja."

Upande wa pili nikasikia pumzi ya mtu anayejizuia kulia. "Sasa nimwambie nini Mama Mdogo?"

"Mwambie hakuna nafasi."

"Lakini Mama, nafasi ipo. Chumba kiko wazi."

"Najua kiko wazi," alisema shemeji. "Mwambie hakuna."

Binti alitaka kuuliza zaidi, lakini simu ya ukutani ililia, wodini wanamhitaji, kuna mama ameletwa na hali si nzuri. Shemeji alimwambia mwanawe atampigia jioni. Alilipata faili alilokuwa akilitafuta, akaliweka mezani kwangu bila kunitazama, akajifuta vumbi mikononi na kupanda ngazi.