Saa ya Upande wa Pili

Kazini walimwita Nukta, na jina hilo hakupewa bure. Kwa miaka thelathini na moja mzee huyu hakuwahi kuchelewa hata nukta moja, na modemu yake ilikuwa na tabia hiyohiyo. Ilikaa kwenye kabati la chuma nyuma ya maabara kuu, ikipeleka majibu ya vipimo vya damu hospitali ya mji wa pili. Huko modemu mwenzake ilitunzwa na binti wa dada yake, fundi aliyemfundisha mwenyewe tangu hajui hata kushika bisibisi.

Mashine hizo huelewana kwa sharti moja tu: moja itoe saa, yaani mapigo ya kwenda nayo, nyingine iifuate. Miaka yote, modemu ya Nukta ndiyo iliyotoa. Lakini Ijumaa alikuwa anastaafu, basi Jumatatu akampigia mpwa wake simu, akamwambia ageuze swichi, sasa saa itoke kwake. Mpwa akaitika, sawa, Mjomba. Nukta akageuza ya kwake ifuate, akaenda kunywa chai kwa raha zake.

Tangu hapo laini ikaanza vituko. Ikitulia dakika kumi, ya kumi na moja herufi zinavurugika na daktari anapokea majibu yasiyosomeka. Nukta akabadilisha kebo, akapima laini, akaitolea modemu maneno ambayo hata mbuzi wa jirani hastahili. Jumatano asubuhi meneja akaja kakunja uso: isipokaa sawa hadi saa sita mchana, kazi inapewa kampuni ya nje, na nafasi ya fundi wa upande wa pili inafutwa. Nukta alishikwa na hofu. Yeye alikuwa anaondoka hata hivyo. Mpwa ndiyo kwanza anaanza.

Saa tano akapiga simu, akamwomba amsomee swichi zake moja moja. Mpwa akasoma ya tatu, akarukia ya tano.

"Ya nne je?"

"Inafuata, Mjomba. Niliiacha vilevile. Ningekutanguliaje na wewe bado uko kazini?"

Nukta akashika kichwa. Kumbe siku tatu mashine mbili zilikuwa zinasimama mlangoni, kila moja ikimwambia mwenzake pita wewe kwanza. Na adabu hiyo alimfundisha nani, kama si yeye? Alitaka kucheka, akajikuta ana uchungu.

Dawa ilikuwa mbele yake: kugeuza swichi yake tu, mambo yarudi kama zamani. Mkono ukaenda hadi kabatini, ukasimama.

"Nikiigeuza mimi," akasema, "Jumamosi utamfuata nani?"

Kule mbali, swichi ikalia tak. Taa ya kijani ya modemu ikawaka kwa Nukta, ikakaa. Dakika kumi zikapita, ishirini, arobaini. Saa sita kamili meneja akaingia, akauliza tatizo lilikuwa nini.

Nukta akampa simu.

"Muulize fundi," akasema. "Mimi namfuata yeye."