Gunia Kwanza, Ndipo Samaki

Saa moja asubuhi, Hyasinta Nyangi amezamisha mikono hadi viwikoni katika udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe. Mbele yake kuna ukuta mrefu wa chuo kimoja nje kidogo ya mji wa Musoma. Masika yameulamba. Kati ya samaki wote waliochorwa hapo mwanzoni mwa mwaka huu, umebaki mkia mmoja.

"Afadhali," anasema, na kuubandika mkia huo tonge la udongo.

Hyasinta, au Mama Wankyo kama wengi wanavyomwita, ni mkandikaji wa nyumba. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, saruji ilipokuwa haipatikani hata kwa kibali, aligombewa. "Nilikuwaga na heshima kama daktari," anacheka. Leo biashara ni huria, maduka ya Mwisenge yamejaa saruji na rangi za makopo, na yeye anaitwa mara mojamoja tu.

Biashara huria ilileta pia mifuko ya nailoni. Wanafunzi waliitupa nyuma ya mabweni, mvua ikaisukuma hadi kwenye chemchemi iliyo chini ya ukuta, wanakochota maji Mama Wankyo na majirani zake. Januari bwana afya alitoa onyo: isiposafishwa kabla ya masika, ataifunga. Maana yake kurudi ziwani, kupanda kilima na ndoo kichwani, na kunywa maji yaliyokwisha kumpa binti yake kichocho.

"Nilimwona Wankyo anakojoa damu. Sikutaka kuona tena."

Ndipo alipokuja Leodgar, mkufunzi kijana kutoka Bunda. Alitaka wanafunzi na majirani wachore pamoja kwenye ukuta unaotazama chemchemi, ili watu wazinduke. Fedha ya rangi haikuwepo, akamwendea mtu wa udongo.

"Mama, njoo utusaidie kuchora mazingira."

Mama Wankyo akasikia mazingara. Uchawi! Tena juu ya maji ya kunywa!

"Mwalimu, mimi nimebatizwa," alimjibu. "Katafute mganga wako."

Jumapili, watu walipotoka kanisani, kilima kizima kilikuwa na habari. Siku ya kuchora hakutokea jirani hata mmoja. Wanafunzi walichora miti miwili kwa mkaa, wakaenda kucheza mpira. Taka zikabaki.

Aliyefumbua fumbo ni wifi yake Ursula, mpishi wa chuo.

"Wifi, hebu ngoja. Alisema ra au ri?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Mazingira ni maji, ni miti, ni hayo mavi uliyoshika!"

Mama Wankyo alicheka hadi akaketi chini. Kisha akaenda chuoni vilevile, udongo mikononi.

"Mwalimu, si ungesema tu uchafu!"

"Huku chuoni tunasema mazingira, mama."

"Ndiyo maana hayasafishwagi!"

Akakubali kwa sharti moja, lile lile alilokuta kwa mama yake Butiama nyumba inapokandikwa: asiyebeba udongo hagusi ukuta. Hapa ikawa gunia la taka kwanza, ndipo uchore samaki wako.

Wanafunzi walidhani ni utani, mpaka Alfonce, kiongozi wao, alipokuja na shati jeupe na mikono mitupu.

"Baba, gunia lako liko wapi?"

Alirudishwa mbele ya wote. Mchana alionekana ndani ya chemchemi, suruali imekunjwa magotini. Taka zikafukiwa shimoni. Ukutani, mabibi wa jirani walichora ningu na gogogo, samaki wa zamani wa ziwa ambao vijana wanawajua kwa jina tu. Vijana wakachora sangara.

Siku chache kabla ya masika bwana afya aliinama, akateka maji kwa kiganja, akanusa, akaondoka. Chemchemi ikabaki wazi.

"Usiku ule nililala mpaka jua likanichoma," anasema Mama Wankyo. "Sijalala hivyo tangu niolewe."

Sasa Leodgar amepata kopo la rangi ya mafuta. Haifutiki, anamweleza.

"Isiyofutika ya nini? Samaki wakibaki, watu hawatarudi na magunia. Acha mvua iwale, tuwe tunaanza upya kila mwaka." Wankyo ameshafundishwa kuchanganya udongo, ili mama akichoka kazi isilale.

Msichana aliyeingia chuoni juzi anasogea, kidole kimechovywa chokaa tayari. Mama Wankyo hageuki.

"Gunia kwanza, mwanangu."