Ng'ombe Niliyemlea Jukwaani

Jamani, chekeni sasa mmalize kabisa, maana hii habari mke wangu akianza kuisimulia mbele za watu mimi hukumbuka ghafla kwamba nina kazi nje.

Nilikuwa nimerudi Samuye kutoka Nyarugusu, kwenye mashimo ya dhahabu, na nilikuwa nampenda Minza, ambaye baba yake ana ng'ombe wengi mpaka unaona vumbi kabla hujawaona wenyewe. Mzee alishasema wazi kuwa binti yake hampi mchimbaji ("leo yuko juu, kesho yuko shimoni, keshokutwa haonekani"). Sasa kikundi chetu cha maigizo kikaandaa mchezo wa enzi za watemi, kijana maskini mchunga ng'ombe anampenda binti wa mtemi, na Minza akawa binti wa mtemi, mimi nikawa maskini (hapo sikuhitaji mazoezi). Baba Minza akakubali kuja kutazama. Nilijua anakuja kunipima mimi, na kwamba siku hiyo ndiyo ingeamua kama nitampata Minza au nitarudi shimoni peke yangu.

Kwenye mchezo nilitakiwa kumpelekea mtemi ng'ombe wa mahari, na mwenzetu mmoja alishajitolea kujifunika ngozi. Mimi nikakataa, nikasema mzee lazima aone ng'ombe wa kweli. Nikaenda kwa rafiki yangu Shija kuazima jike mmoja mweupe mwenye baka jeusi shingoni. Shija akaanza, "Huyu, kaka, huyu..." nikamkatiza, nikamwambia namrudisha kabla jua halijazama. Miaka ya machimboni ilinisahaulisha jambo ambalo kila mtoto wa Usukumani analijua, kwamba mwenye mifugo mingi huigawa kwa watu wamtunzie, kwa hiyo ng'ombe kulala zizini kwa mtu hakumfanyi awe wake.

Saa kumi jioni uwanja umejaa. Nimevaa mgolole, kamba nimeizungusha mkononi mara tatu nionekane mzoefu, nikapaza sauti: "Mtemi, ng'ombe huyu nimemlea mwenyewe tangu akiwa ndama!"

Kwenye viti vya mbele mtu akapiga mluzi, mara moja tu. Ng'ombe akasimamisha masikio, akageuka, akaondoka, na mimi nikaondoka naye kwa sababu ya ile kamba, tukapita katikati ya mabenchi, mgolole ukanasa kwenye benchi ukabaki huko, nikafika miguuni kwa Baba Minza kwa magoti, nimevaa kaptura ya mpira iliyochanika nyuma, na ng'ombe analamba mkono wa mzee. Watu wakapiga makofi wakidhani ndivyo mchezo ulivyo.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba. Huyu ulimlea lini, kijana?"

Ningeweza kumsingizia Shija. "Tangu saa nane mchana, baba."

Basi Minza akashuka jukwaani na shanga zake zote, akauokota mgolole, akanifunika, akasimama kando yangu. "Baba, mimi nimemchagua huyuhuyu," akasema. Mtemi wetu wa mchezo akaanza kumjibu, lakini Minza hakumtazama kabisa, alikuwa anamtazama baba yake mzazi. Nimefanya kazi na watu wanaoshuka mashimo ya kutisha, ila ujasiri wa namna ile sikuwahi kuuona, na mpaka leo namheshimu mke wangu kwa dakika ile moja.

Mzee akatutazama sote wawili, halafu akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Angalau hakudanganya mara ya pili," akasema. "Mlete nyumbani Jumapili. Ila ajue ameniletea ng'ombe wangu mwenyewe, kwa hiyo mahari hajaanza kutoa."

Nilianza upya, na nikamaliza. Ila niliapa sishiki tena kamba ya ng'ombe ambaye simjui mwenyewe wake, hata nikikaribishwa maziwa nauliza kwanza ng'ombe ni wa nani, na mashemeji zangu wakinisikia hawanijibu, wanapiga mluzi.