Deni Lililosomwa Mbele ya Watu

Ipo siku moja naikumbuka hata nikiwa nachambua maharage, na nikiikumbuka mikono inasimama yenyewe. Ilikuwa siku ya malipo ya kahawa, miaka ile ya Ujamaa, tulipokuwa tunaitana ndugu hata na watu tusiopendana. Nakusimulia wewe, mwanangu, kwa sababu juzi umekuja na simu yako ukaniambia benki wamekunyima mkopo, eti jina lako lina deni la zamani usilolijua. Ukasema, "Bibi, ni hela ndogo tu, bora nilipe yaishe." Weka kikombe chini. Nisikilize kwanza, halafu ukalipe kama bado utataka.

Babu yako Mbonea alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mbuzi tuliwamaliza kwenye ugonjwa na matanga, nikabaki na mibuni na mama yako, Nakijwa. Msimu ule Nakijwa alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Mtoto wa kike, tena wa kitongoji chetu! Ada serikali haikutaka, lakini sanduku, blanketi, viatu na nauli nilitakiwa kuvitafuta mimi. Tukaichuma kahawa ile mimi na yeye, tukaimenya, tukaianika, tukaichambua punje kwa punje. Nilikuwa mjane na bado nilikuwa naringa. Hata leo naringa, sikatai.

Basi siku ya malipo tumejaa nje ya ghala la chama cha ushirika, karani anasoma majina kwa sauti. Akafika kwetu. "Mbonea, marehemu. Mifuko ya mbolea na pampu ya kupulizia mibuni. Mkopo haujalipwa. Mama, kahawa yako yote imeingia kwenye deni."

"Mbolea gani, ndugu karani?"

"Ya masika yale kabla hajafariki."

Masika yale babu yako alikuwa amelazwa hospitali mjini Same, anatapika damu, na mimi nalala sakafuni kando ya kitanda chake. Kijiko tu kilimshinda, pampu angeishika na nini? Nikasema hivyo hivyo. Mtu mmoja nyuma akapayuka, "Mama Nakijwa anataka marehemu aje atoe ushahidi!" Watu wakacheka. Kicheko kile ninacho mpaka leo.

Hapo akaja shemeji yangu Kajiru, mdogo wake babu yako. Kajiru alikuwa mjumbe wa kamati ya chama. Tena ndiye aliyekuwa anafungua ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, na zamu ya maji ya kila nyumba ilikuwa mkononi mwake. Akaniwekea mkono begani, sauti laini kama uji wa mgonjwa. "Shemeji, usiliaibishe jina la kaka. Weka dole hapa kwamba unalikubali deni. Tutakukata kidogo kidogo, na leo utaondoka na chochote cha mtoto."

Mwanangu, hapo ndipo pabaya. Mtu anayetaka ubebe mzigo wake hakutukani, anakuonea huruma. Na mimi nilikuwa naliona sanduku la Nakijwa mbele ya macho. Dole langu liliwasha, nakwambia kweli.

Lakini nikakumbuka matanga. Unajua desturi yetu: siku ya kuondoa matanga mwakilishi wa ukoo anasimama na kuuliza, anayemdai marehemu aseme, na anayedaiwa naye aseme. Siku ile jirani mmoja alidai jembe lake, akapewa palepale. Atakayenyamaza siku hiyo, amenyamaza kabisa. Nikamuuliza, "Shemeji, siku ya matanga nani alisimama kuuliza madeni?" Akaanza kupekua kitabu cha karani, nami nikaendelea. "Si wewe? Na huyu karani si alikuwepo, anakula mbuzi wangu wa mwisho? Mbona pampu haikutajwa?"

Karani akagonga kitabu. "Chama siyo ukoo, mama. Na matanga siyo ofisi."

"Haya. Basi tuulizane ya ofisini." Nikawageukia wanawake wenzangu. Miaka ile lori liliishia bondeni. Hakuna mfuko uliopanda mlima huu bila kichwa cha mwanamke chini yake. Wanaume walipanda na fimbo. Nikasema, "Mbolea haina miguu. Jamani, nani aliibeba akaileta kwangu?"

Mmoja akamhamisha mtoto mgongoni, mwingine akainama kuokota punje za kahawa. Rafiki yangu Elisifa, ambaye mimi ndiye niliyemzalisha kifungua mimba wake, akaanza kufunga upya khanga ambayo haikuwa imelegea. Nikadhani hawajui. Walikuwa wanajua wote.

Sikuweka dole. Nilirudi nyumbani na gunia tupu nimelikunja kichwani. Nakijwa alikuwa mlangoni, akaliona gunia. Akaingia kupika.

Nikaenda kukopa nauli. Nani atamkopesha mwanamke aliyesomwa mbele ya kijiji kizima kwamba ana deni? Hata chumvi walianza kuninyima. Mwalimu wa kitongoji akaniandikia barua ya malalamiko kwa bwana ushirika huko Same, nami nikashuka nayo kwa miguu. Nikaambiwa ningoje. Wakati naendelea kungoja, shule zikafunguliwa.

Kiangazi kilipokaza, Elisifa akaja nikiwa napalilia. Alisimama kwenye tuta kama mtu aliyekuja kuomba moto. "Mifuko niliibeba mimi na wenzangu," akasema. "Tulipeleka kwa Kajiru. Alitupa sukari, akasema atakayefungua mdomo asahau zamu yake ya maji."

"Na leo umeufungua kwa nini?"

"Amenikatia maji hata hivyo. Maharage yangu yamekauka."

Sikumpiga. Nilitaka. Nilimshika mkono tukateremka naye mpaka Same, akayasema yale yale mbele ya bwana ushirika. Huyo bwana akapanda kuja kuangalia. Pampu aliikuta inaning'inia kwa Kajiru, imetundikwa juu ya kuni.

Karani akachora mstari kitabuni, akaniinamia sikioni. "Limefutwa, mama. Nenda salama."

"La. Mlilisoma kwa sauti, mlifute kwa sauti." Nikakaa mlangoni mwa ghala mpaka akasoma, watu wakiwa wamejaa kama siku ile. Safari hii hakuna aliyecheka. Hela yangu nikapewa. Kajiru akaacha kamati kwa muda, kisha akarudi, na ndiva akaendelea kuifungua yeye mpaka alipozeeka.

Nilimpeleka Nakijwa shuleni na sanduku jipya. Tukaambiwa nafasi ameshapewa mwingine. Mwaka uliofuata akashuka tambarare kukata mkonge, na huko ndiko alikokutana na baba yako. Sina neno na baba yako. Lakini ile mikono ya mama yako unayoiona imechanikachanika, ulikuwa unadhani amezaliwa nayo? Elisifa nilimsamehe. Kajiru sijamsamehe, na sasa nimezeeka.

Kwa hiyo usilipe. Ukilipa hata shilingi moja, umesema ni lako. Nenda kwa hao waliokuandika, uwaulize mkopo ulichukuliwa lini, wapi na kwa sahihi ya nani, nawe uwaonyeshe siku hiyo ulikuwa wapi. Wakikwambia tia sahihi kwanza ndipo ulalamike, ondoka na kalamu yao ibaki mezani. Malalamiko yako yawe ya maandishi, na nakala ubaki nayo. Wakilifuta, usikubali kunong'onezwa. Wote walioambiwa unadaiwa waambiwe hudaiwi. Na fanya haraka, kwa sababu haki yangu mimi ilifika, ila kwa mama yako ilichelewa, akaishia kwenye mkonge. Jingine, jiandae moyo: aliyelitumia jina lako huenda ni mtu unayemwamkia kila siku.

Haya, nenda, mwanangu. Mungu akupe jina linaloweza kusomwa mbele za watu bila wewe kuinamisha kichwa. Na siku wakilisoma vibaya, akupe hata mtu mmoja wa kusimama akasema kweli kabla maharage yake hayajakauka.