Pointi za Meli na Mguu Wangu wa Kushoto

Shikamooni wazazi wangu. Na ninyi wengine, kwa Kigogo chetu, mbukwenyi. Nesi ameniomba niseme nanyi wakati mnasubiri kupimwa sukari, halafu akaniomba nisiwatishe. Hilo la pili sikumwahidi. Naitwa Tabitha, nakaa Nkuhungu, nashona mapazia. Huu mguu wa kushoto mnaouona una vidole vitatu kwa sababu ya upumbavu wangu mwenyewe.

Nilikuwa na kazi nzuri. Ofisi za serikali zilipohamia Dodoma kila mkubwa alitaka mapazia, na mimi nilikuwa nakwenda Dar kufuata vitambaa. Huko nilifikia hoteli moja yenye kasino chini. Siku ya kwanza nilishuka kutazama tu. Wakanipa kadi. Kila ukicheza mashine unapata pointi, na pointi zinakupandisha, kutoka kadi ya kijani hadi ya fedha, kisha ya dhahabu. Mwenye dhahabu hapangi foleni, anakula bure, wahudumu wanamwita madam. Huku Dodoma nilikuwa naitwa "yule wa mapazia". Nilipenda kuitwa madam. Nilipenda vibaya sana.

Wakati huo nilikuwa nimeshaambiwa nina sukari. Niliambiwa hapahapa, kwenye benchi kama hilo. Nikapewa vidonge, vikaniharisha. Mtu anayeharisha hawezi kukaa kwenye mashine, maana ukiinuka mwingine anakaa. Kwa hiyo nikaacha vidonge, nikabaki na mashine. Sukari ikapanda, mkojo ukawa haukatiki. Nikanunua nepi za watu wazima.

Mnacheka. Chekeni. Mama mzima, mzee wa kanisa, amekaa kwenye kiti cha ngozi amejikojolea, na mhudumu anamletea glasi nyingine ya juisi ya bure. Nilikuwa nanuka mkojo na manukato kwa pamoja. Hayo ndiyo niliyokuwa nayaita kula maisha.

Sasa ile hoteli ilikuwa na mapatano na kampuni moja ya meli za starehe. Ukiwa wa dhahabu hotelini, melini nako wanakupokea kama wa dhahabu. Unapewa chumba na chakula bure, na ukumbi wenu peke yenu. Na pointi unazopata kwenye mashine za meli zinahesabiwa hotelini. Wanapokezana watu. Mtu akichoka kuchezea nchi kavu, anapelekwa akachezee majini, asipate nafasi ya kupumua akajiuliza anafanya nini. Mimi mwaka ulikuwa unaisha na nilikuwa nimepungukiwa pointi. Nisipozipata, narudishwa kwenye kadi ya fedha. Wakanialika safari ya siku tano kutoka Durban. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu. Namwomba radhi hadi leo kwa sala ile.

Mume wangu, Baba Neema, ni bwana mifugo, alisomea Mpwapwa. Siku mbili kabla ya safari tulikuwa kwenye shamba letu la zabibu, huko nyuma ya Nzuguni. Tunatoka, akaona mwiba wa mgunga umepenya soli ya yeboyebo yangu. Akauchomoa, akautazama.

"Mama Neema, huu umekatika ncha. Haujakuchoma?"

"Ungenichoma, si ningesikia?"

"Hebu vua niangalie unyayo."

"Mimi si ng'ombe wako, Baba Neema."

Hapo ndipo nilipopotea. Sisi tuliokulia kwenye miiba tunauamini mguu. Ukichomwa unaruka, usiporuka hujachomwa. Hivyo ndivyo tulivyolelewa wote humu. Lakini sukari ilikuwa imeshaniulia mishipa, unyayo wangu ulikuwa na ganzi na mimi sijui. Ncha ya mwiba ilikuwa ndani. Nikavaa soksi, nikavaa viatu vipya vya kufunika, nikapanda nayo ndege.

Melini nilikaa kwenye mashine tangu asubuhi, na usiku nililala na soksi zangu. Siku ya pili nikaanza kusikia harufu. Harufu nzito, kama panya aliyefia nyuma ya kabati. Jirani yangu alikuwa bibi mmoja wa Kizungu, mkongwe, kwenye kiti cha magurudumu. Nikajua ni yeye. Nilimwita mhudumu wa ukumbi wetu, dada mmoja wa Tanga, Zuhura.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu bibi ananuka. Mimi ni wa dhahabu, siwezi kukaa hivi."

"Naye ni wa dhahabu, mama."

"Basi chagua. Aondoke yeye, au nimwite mkubwa wako."

Zuhura akainama, akasema naye taratibu kwa Kiingereza. Yule bibi aliinua kola ya blauzi yake akajinusa. Akanitazama, uso umemwiva kwa aibu, akaniambia samahani. Akasukumwa hadi pembeni kabisa. Mimi nikabonyeza mashine.

Harufu haikwenda naye.

Baada ya muda Zuhura alirudi, akapiga magoti mbele yangu. "Mama, usinielewe vibaya. Naomba nitazame viatu vyako." Nilitaka kumfokea, ila nikamwona anavyobana pumzi. Akavua kiatu cha kushoto. Soksi ilikuwa imelowa, ya kahawia. Alipoivuta, ngozi ya unyayo ikaja nayo. Kidole kidogo na cha jirani yake vilikuwa vyeusi, na katikati ya unyayo palikuwa na tundu linalotoa usaha wa kijivu. Sikusikia maumivu hata kidogo. Nilikuwa nautazama mguu ule kama wa mtu mwingine.

Daktari wa meli hakuzunguka. Zuhura alinitafsiria. "Mguu unaoza. Ulale hapa uwekewe dripu. Tukifika bandarini unakwenda moja kwa moja hospitali."

Nikamuuliza, "Nikilala hapa, pointi za leo na kesho nazipataje?"

Zuhura hakulitafsiri. Aliniambia tu, "Mama, jamani." Nikalitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza changu. Daktari akasukuma karatasi nisaini kwamba nimekataa matibabu. Nikasaini. Wenzangu, nilisaini. Asubuhi yake nilifunga mguu kwa bandeji, nikauvika mfuko wa plastiki, nikapulizia manukato, nikavaa kandambili, nikarudi kwenye mashine.

Nilikaa hadi karibu na chakula cha mchana. Mwili ukaanza kutetemeka, meno yanagongana, jasho baridi. Nikatapika. Nilitapikia mashine, nikatapikia vidole vyangu, na kidole kimoja bado kiko kwenye kitufe. Nikaanguka. Kitu cha mwisho nilichokiona ni watu wawili wenye glovu wamekuja mbio, na walianza kwa kupangusa mashine. Mama wa mashine ya jirani hakugeuka hata shingo. Wala simlaumu, maana mimi nisingegeuka.

Durban walikata vidole viwili na kukwangua unyayo. Nilipopata nafuu ya kusafiri nikarudishwa nyumbani. Kufika Dodoma kidonda kikageuka tena. Baba Neema aliingia wodini, akasimama mlangoni kabla hata sijafunuliwa. "Hiyo harufu naijua," akasema. Alilia mbele ya wagonjwa wote. Daktari wetu akaja kusema nasi, mimi kitandani, Baba Neema kwenye kiti.

"Mama, hali hii ya kuoza ikifika hapa kwenye kifundo, nakata chini ya goti. Sina namna."

"Kwa sasa imefika?" mume wangu akauliza.

"Bado."

"Basi nipe nafasi nimsaidie nesi kuosha. Nimeosha kwato maisha yangu yote."

Daktari alikubali, kwa sharti nimeze dawa zote, hata zile za kuniharisha. Nikameza, nikaharisha, nikabadilishwa shuka. Asubuhi na jioni mume wangu na nesi waliosha kile kidonda, nesi akakata nyama iliyokufa, wakafunga. Mimi nilikuwa nageuza uso ukutani, najichukia. Kila asubuhi daktari alipita, akabonyeza kifundo, akasema "bado". Hilo neno nililisubiri kuliko chakula.

Asubuhi moja simu ikalia, mume wangu ameshika mguu wangu. Ni binti wa hotelini, sauti nyororo. Hongera madam, pointi za melini zimeingia, umebaki dhahabu, na kampuni ya meli inakualika tena. Na mimi nikauliza, "Lini?"

Nawaambia ukweli kwa sababu uongo hautawasaidia. Nilifurahi. Mguu wangu umefunuliwa, kunguni wananila, na mimi nauliza lini.

Baba Neema aliweka mguu wangu chini polepole, akavua glovu, akatoka nje. Nilibaki na kidonda wazi na simu sikioni. Inzi mkubwa wa kijani akatua kwenye unyayo. Akatembea pale taratibu. Sikumsikia. Nilimwona tu anatembea kwenye mwili wangu kama kwenye mzoga, nami bado naambiwa kuhusu chumba chenye dirisha la bahari. Nikatapika hapohapo, safari hii si kwa homa. Nikamwambia yule binti afute kadi.

"Madam, ukifuta utapoteza faida zote, na za upande wa meli pia."

"Futa, mwanangu," nikamwambia. "Futa nikiwa nasikia."

Kisha nikamwita mume wangu kwa sauti hadi akarudi. Alirudi, akavaa glovu nyingine.

Kidonda kilichukua miezi kufunga. Goti ninalo, kifundo ninacho. Namshukuru Mungu, namshukuru mume wangu, manesi, daktari aliyekubali kungoja, na Zuhura aliyepiga magoti mbele ya mtu mwenye kiburi. Kasino sijakanyaga tena, na sisemi nimepona huko, nasema sijakanyaga.

Nawaomba mmeze vidonge. Vikiwasumbua, mwambieni nesi, msiviache kimyakimya kama mimi. Na zawadi yoyote inayokuzuia kwenda chooni hiyo si zawadi, ikimbie. Zaidi ya yote, msingoje kusikia maumivu. Mguu wa mwenye sukari haupigi kelele.

Sasa vueni viatu. Wote, na wewe baba wa koti. Naanza mimi, huu hapa, utazameni. Shikeni nyayo zenu mzigeuze juu, na asiyeweza kuinama atazamwe na mwenzake. Na atakayesikia harufu, asimtazame jirani. Aanze na mguu wake.