Morris Iliyoacha Kukohoa

Mafundi wa magari wana ugonjwa wao, na Timothy alikuwa nao tangu ujana. Mpe gari linalotembea, hataliacha litembee. Lazima afungue boneti, atie kichwa, asikilize, kisha aseme, "Hii inaweza kuwa nzuri zaidi." Karakana yake ilikuwa uwanja tu wenye mabati upande mmoja, kando ya njia ya kwenda Mafubira alikokuwa akiishi, lakini watu wa Jinja walimletea magari yaliyowashinda wengine. Hakuwa mlevi wala hakuwa mwongo, na wewe mwenyewe unajua ni mafundi wangapi unaoweza kuwasifu hivyo.

Gari moja tu hakuruhusiwa kuligusa, na hilo ndilo alilokuwa akiliota: Morris Minor ya baba yake.

Baba yake, Erisa, alikuwa sajini dereva wa polisi huko Mbale. Morris aliinunua kwa mwalimu Mwingereza aliyekuwa anafungasha virago, akaitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Ilikuwa na injini ndogo, imechoka, kilima kidogo tu kinaitoa jasho. Gia ya kwanza ililia wiii, hata watoto wa mtaa wao wa Namatala wakawa wanaiiga. Na kila Erisa alipoondoa mguu kwenye mafuta ili akate kona ya nyumbani, bomba la moshi lilikohoa: pwa, pwa, pwa.

"Mzee, niachie mimi wiki mbili tu," Timothy alikuwa akimsihi. "Natia injini ya nguvu, itapanda milima mpaka Kapchorwa bila kupumua."

"Hapana gusa," Erisa alimjibu kila mara. "Mama yako anajua sauti yake."

Sababu Timothy aliijua, ila aliijua kama tunavyozijua habari za watu wa zamani, juu juu. Wakati wa utawala wa jeshi, yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni, gari geni lilisimama mlangoni kwao mchana kweupe. Injini yake ilikuwa laini, hata hawakuisikia ikija. Walioshuka walisema Kiswahili, lugha ya askari na ya nyumba hiyo pia, tena kwa upole. Wakamwita kwa jina Maxwell, kaka yake mama aliyekuwa amekuja kuwatembelea, wakamtia kwenye buti, wakaondoka. Erisa alikuwa zamuni. Maxwell hakuonekana tena, wala kaburi lake halijulikani.

Tangu siku hiyo, Nangobi, mama yake Timothy, akisikia gari alikimbilia komeo. Akisikia kikohozi cha Morris ndipo alipofungua. Miaka ile ya hofu ikapita, serikali zikabadilika, majirani wakasahau, yeye hakusahau. Sokoni alikwenda kwa miguu. Kanisani kwa miguu. Kupanda gari, labda Morris.

Erisa alipofariki, Morris ilihamia Jinja kwa Timothy, na kila mwezi aliiendesha hadi Mbale kumpeleka mama yake kliniki ya sukari. Macho ya mama yalikuwa yamekwisha kuzimika, na akili nayo ilikuwa imeanza kurudi nyuma, kidogo kidogo. Bomba likikohoa konani, komeo lilisikika likivutwa. Alisimama mlangoni akitabasamu. "Afande, leo umechelewa." Kisha alimpapasa Timothy usoni, akajicheka mwenyewe. "Kumbe ni wewe, Timo!" Wakaenda zao kliniki, mama amekaa mbele, kama malkia.

Halafu injini ikafa. Ilifia njiani, baada ya Tirinyi, katikati ya mabonde ya mpunga. Iligonga kwa ndani, ikatema oili, ikanyamaza. Morris ikarudi Jinja ikivutwa na lori.

Sasa hapa tuseme ukweli, maana Timothy mwenyewe baadaye alijiambia ukweli huo huo akiwa amejishika kichwa. Ile injini ingeweza kufufuka. Pistoni moja ilikuwa imetoboka, na silinda yake imechubuka. Spea hazipatikani, ndiyo, lakini yeye alikuwa amekwisha kuchongesha na kubandika mambo magumu kuliko hayo. Kwa siku chache ingewaka tena, ikikohoa vile vile, ikafika Mbale. Lakini pembeni ya karakana palikuwa na injini ya Toyota Lite Ace, nzima, na giaboksi yake, imekaa ikimtazama. Mzee hayupo tena wa kusema hapana gusa. Ule ugonjwa wa mafundi ukapanda.

Zaituni, jirani wa mama yake kule Namatala, alipiga simu siku Timothy alipoanza kuing'oa injini ya zamani. Zaituni alikuwa Mnubi, mjukuu wa askari, na ndiye aliyempikia Nangobi na kumchotea maji.

"Mama amejigonga kidole cha mguu. Iko kidonda kidogo. Lakini na hii sukari yake, Timo, unajua."

"Nakuja na gari, mama Zaituni. Nimalizie tu."

Akamalizia. Injini mpya haikukaa kwenye vishikio vya zamani, akachomelea vipya. Sampu, lile beseni la oili chini ya injini, iligonga chuma cha chini, akaikata na kuiziba upya. Giaboksi ilikuwa ndefu, akaongeza nafasi kwenye sakafu kwa nyundo na tindo, akafupisha propela inayozungusha magurudumu ya nyuma. Kwa kuwa gari sasa lingekimbia, breki za zamani zisingelishika, akatia za diski mbele. Kila kazi ilizaa kazi nyingine. Na kila jioni, ukweli ni huu, alikwenda kulala na furaha, mafuta hadi viwikoni.

Zaituni alipiga tena. Kidole kimekuwa cheusi. Nesi Brendah, anayekuja kukifunga, hapendi harufu yake.

"Chukueni teksi, mpelekeni hospitali hapo hapo Mbale."

"Tumeita. Mama amesikia gari, amejifungia, amepiga kelele mpaka watu wamejaa. Dereva ameogopa, amekimbia. Lete gari ya mzee, Timo. Hiyo tu ndiyo atakubali kupanda."

Hapo ndipo Timothy alipokumbuka kile kikohozi. Akatazama kule alikokuwa ameitupa injini ya zamani. Haikuwapo. Alikwisha kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na wakati huo ilikuwa imeyeyushwa pamoja na sufuria na mageti ya watu. Maji yamemwagika. Hakukuwa na la kufanya ila kwenda mbele, haraka. Akaunga bomba jipya la moshi, pana, lenye silensa nzuri kabisa ya kumeza sauti, maana hakujua kufanya kazi mbaya hata alipokuwa na haraka. Alipoiwasha, Morris iliunguruma kwa ndani tu, taratibu, kama cherehani mpya. Mafundi wenzake walipiga makofi. Siku nyingine angelia kwa furaha.

Zaituni alipiga asubuhi. "Timo, mguu umevimba mpaka goti. Brendah anasema leo. Si kesho. Leo."

Aliondoka Jinja hapo hapo. Iganga ikapita, Namutumba ikapita, na ule mlima mdogo ambao baba yake alikuwa akiupanda kwa gia ya pili, Morris iliumeza bila habari. Timothy hakuona raha yoyote. Alikuwa akiomba, kwa sauti, peke yake ndani ya gari. Mungu, mama afungue mlango. Afungue tu, mengine niachie mimi.

Alipofika kona ya Namatala akaondoa mguu kwenye mafuta, kama baba yake. Kimya. Gari liliteleza hadi mlangoni bila hata kunong'ona.

Akasikia komeo likisukumwa ndani.

Zaituni na Brendah walikuwa nje, uani, wamejishika mashavu. Zaituni alilitazama gari, akamtazama Timothy. "Si umesema unaleta gari ya mzee?"

"Ndiyo hii."

"Mbona haisemi kitu?"

 Timothy akaenda mlangoni, akagonga. "Mama! Ni mimi, Timo."

 Ikaja sauti ya mama yake, ndogo, ya adabu nyingi. "Bwana wangu hayuko. Ameenda kazini. Hapa hakuna mtu mwingine."

"Mama, ni Timo! Mwana wako!"

"Timo ni mtoto mdogo," sauti ikasema. "Nyinyi mmejua wapi jina yake?"

Timothy akaelewa. Kumbe kila neno alilosema lilizidi kumfungia mlango. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti nzito, ameshuka kwenye gari lisilosikika, anasema Kiswahili kwa upole na anayajua majina ya watu wa nyumba.

Mfa maji haachi kutapatapa. Alilirudisha gari hadi konani, akaingia chini yake na spana, akaing'oa ile silensa yake nzuri na kuitupa mtaroni, bomba la moto likimuunguza mkono. Akafungua boneti, akachomoa waya mmoja wa plagi ili injini ichechemee. Kazi yote aliyoifanya kwa mapenzi, akaiharibu pale njiani kwa mikono yake, machozi na jasho vikimtiririka pamoja. Akawasha. Kelele! Kuku walitawanyika. Akaja tena, akakata kona, akaondoa mguu. Bomba likatoa mlio, pwa, pwa.

Zaituni alikuwa ametega sikio mlangoni. Akanyanyua mkono: ngoja. Komeo lilikuwa linasogea.  Gari likaja polepole, akatia gia ya kwanza kuisogeza hatua za mwisho, na gia ya Toyota haikulia. Haikulia hata kidogo.

Komeo likarudi mahali pake.

"Mama anasemaje?" Timothy aliuliza.

Zaituni alifuta uso kwa kitambaa chake. "Anasema wamejifunza kukohoa."

Brendah aliangalia jua, akamwangalia Timothy. Alikuwa nesi wa miaka mingi, hakupenda maneno ya kuzunguka. "Ile sumu inapanda. Mimi nimefunga mguu asubuhi, na homa tayari iko juu. Mukikaa hapa mpaka jioni, mutamuzika. Mimi nimesema."

Timothy akaenda kwenye buti la Morris, akatoa mtaimbo. Alisimama nao mlangoni. Alijua anachotaka kukifanya kinafanana na nini. Akapenyeza ncha, akaegemea kwa uzito wote, na komeo, lililomlinda mama yake miaka yote hiyo, likang'oka na misumari yake.

Walimkuta chini ya kitanda, amevuta mkeka mbele yake. Harufu ya mguu ilijaa chumba. Hakupigana kama walivyotazamia. Alikuwa amelegea, mwepesi, mikono inachezacheza hewani. Timothy akambeba. "Mama, mimi ni Timo, gusa uso wangu, gusa." Akauvuta mkono wake usoni, lakini uso ulikuwa umeloa jasho, umejaa oili na masizi, na mama akauondoa mkono upesi kana kwamba ameguswa na moto.

Wakamweka mbele, mahali pake pa siku zote. Zaituni na Brendah wakapanda nyuma. Mkono wa mama ukatua kwenye kiti, ukapapasa ngozi yake iliyochanika, ukapanda hadi mshikio wa mlango, ukasimama pale. Vidole vilizunguka ule mshikio mara kwa mara. Timothy alifurahi, masikini. Alidhani sasa ametambua.

"Hii ni gari ya Erisa," Nangobi alisema taratibu.

"Ndiyo, mama! Ndiyo! Gari ya mzee!"

"Basi mmemuua."

Hakulia. Alikunja mikono mapajani kama mtu aliye kanisani. Timothy akaendesha, kwa sababu hakukuwa na jingine, injini ikichechemea na bomba likipiga kelele katikati ya Mbale, watu wakigeuka kutazama. Nyuma Zaituni alikuwa akilia kwa siri. Hospitali ilikuwa karibu, tena karibu sana, na njia ile fupi ilikuwa ndefu kwa Timothy kuliko zote alizowahi kuendesha.

Walipokaribia lango mama yake alimgusa bega, kwa woga, kwa ncha za vidole.

"Afande."

Timothy akapunguza mwendo.

"Afande, mimi ni mzee. Mnipeleke mnakonipeleka, sitasumbua. Lakini iko mtoto wangu, anaitwa Timo. Yeye hajui kitu cha siasa. Anapenda tu kufungua vitu, redio, saa ya baba yake. Tafadhali, afande. Yeye msimguse."

Gari lilisimama langoni. Wahudumu walikuwa wakija na kitanda cha magurudumu, na mkono bado ulikuwa begani, ukingoja. Timothy akazima injini.

"Hatutamgusa, mama," alisema. "Timo hatutamgusa."

"Asante, afande," mama yake alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akapumua vizuri, akawaachia wambebe.